Mistari ya Watu Wengine

Daktari wa macho alimkataza mambo matatu: kuinama, kubeba kitu kizito, na kusoma. Mawili ya kwanza Mzee Sekunde aliyapokea bila neno, maana kazi ya fundi saa haina mizigo, na kuinama alikuwa ameshainama vya kutosha kwa miaka thelathini. La tatu lilimfanya aulize mara mbili.

"Hata Maandiko?"

"Hata jina la dawa kwenye kopo," daktari akasema. "Wiki tatu, mzee. Ukitaka kusoma, tafuta mtu akusomee."

Jicho la kulia lilikuwa limetolewa mtoto wa jicho, likafunikwa kwa ngao ya plastiki na plasta. La kushoto lilikuwa linasubiri zamu yake, na kwa wakati huo liliiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya maziwa. Basi mzee akarudishwa nyumbani ameshikwa mkono na mkewe, akiuliza kila baada ya hatua kumi wamefika wapi. Waliomwamkia njiani aliwaitikia akiwa ameelekeza uso kwa mtu mwingine kabisa.

Shida yenyewe ilianza kesho yake asubuhi. Katika nyumba ile, chai haimiminwi mpaka ukurasa mmoja wa Maandiko usomwe, na kwa miaka ishirini na miwili msomaji alikuwa mmoja tu. Alisoma vizuri, tusimnyime haki yake; alikuwa na sauti iliyonyooka, isiyokimbia. Ila akishamaliza alikuwa na tabia ya kunyanyua macho na kuyatua juu ya mtu. Ukurasa wa uvivu, macho kwa Kitinda, binti yake wa mwisho mwenye miaka kumi na minne. Ukurasa wa ulimi, macho kwa mama mkwe wake. Ukurasa wa subira, macho kwa mkewe, ambaye Mungu anajua ndiye aliyekuwa na subira kuliko wote mezani pale. Kisha chai ikamiminwa, na kila mtu akainywa akiwa ameinamisha kichwa.

Yupo mmoja aliyekataa kuinamisha. Ni Kifungua, mzaliwa wa kwanza, aliyeacha kazi ya kupiga chapa ofisini, kazi ambayo baba yake alimtafutia kwa kubembeleza watu, akaenda kujifunza kuendesha malori. Asubuhi moja, wageni wawili kutoka kanisani wakiwa mezani, mzee alisoma mstari wa watoto na utii, akafunga Kitabu, akamtazama binti yake mpaka wageni nao wakamtazama. Kifungua alinyanyuka, akaosha kikombe chake, akakifunika kwenye kichanja, akatoka. Ilikuwa imepita miezi kumi. Alikuwa amepanga chumba karibu na yadi ya malori, na mama yake alimwona pale tu mzee alipokuwa kibandani kwake anatengeneza saa.

"Nani atasoma?" mzee akauliza asubuhi ile, mikono juu ya Kitabu kilichofungwa.

"Mimi," Kitinda akasema.

"Wewe unasoma kama unafukuzwa na mbwa. Mama Kitinda, soma wewe."

"Chai yangu iko motoni," mkewe akajibu kutoka jikoni, na sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi. Mtu mwenye macho mazima angeuona uso wake, akashtuka. "Kwani mama hayupo? Mama anajua kusoma siku hizi."

Ilikuwa kweli. Bibi, yaani huyo mama mkwe, alikuwa amejifunza kusoma mwaka uliopita, akiwa na miaka sitini na tisa, katika darasa la watu wazima la kila Jumamosi. Alikwenda na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki, akarudi akisoma kila kilichomkabili: pakiti za sabuni, magunia, mgongo wa fulana za watu. Mwalimu wake alikuwa amewapa sheria moja, nayo Bibi aliishika kama kiapo: usiruke kilichoandikwa. Neno gumu ligongegonge mpaka lifunguke, lakini usiliruke.

"Haya, mama," mzee akasema, akishusha pumzi ya mtu anayekabidhi saa ya dhahabu kwa mtoto. "Taratibu tu."

*

Sasa hapa inabidi nieleze desturi moja ya mafundi saa. Fundi akishafungua saa na kuitengeneza, kabla hajaifunga huchukua ncha ya chuma akakwaruza ndani ya mfuniko alama ndogo: tarehe, na ugonjwa alioukuta. Mwenye saa haioni alama ile maisha yake yote. Ni siri ya fundi na fundi mwenzake atakayeifungua baadaye. Mzee Sekunde alikuwa amekwaruza mifuniko ya saa maelfu kwa maelfu, na mkono ukishazoea jambo hauulizi tena ruhusa. Alipokuwa akisoma Maandiko peke yake, penseli mkononi, alikuwa akifanya vilevile pembeni mwa ukurasa: jina la mtu, na ugonjwa wake. Hakuona kama ni maandishi. Zilikuwa alama za kazi tu, na wala hazikumjia akilini asubuhi ile.

Bibi alivaa miwani yake, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: hatua, kisha anasimama, kisha hatua. Ulikuwa ukurasa unaohusu udanganyifu katika biashara. Katikati ya usomaji aliingia Kinyozi, jirani wa kibanda cha mzee, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa kabla ya kufungua kazi. Akaketi kimya karibu na mlango, kofia magotini.

Bibi akafika mwisho wa mstari, kidole chake kikateleza kikaenda pembeni.

"Ki-nyo-zi," akasoma. "Kinyozi. Bei. Mara ya pili."

Kinyozi akanyoosha mgongo. "Eti nini? Mimi nimo kwenye Maandiko?"

"Umo," Bibi akasema. "Umeandikwa hapa kwa penseli."

"Nilijua tu kwamba mimi si mtu mdogo!" Kinyozi akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha kicheko kikapungua, kikakatika. "Lakini bei... bei imefanyaje?"

Mzee Sekunde alihisi joto likipanda kutoka shingoni mpaka chini ya plasta. "Mama, hizo za pembeni si za kusomwa."

"Mwalimu alisema nisiruke."

"Hayo si Maandiko. Ni... ni kumbukumbu za fundi."

"Kumbe," Bibi akasema kwa heshima, akageuza kidole kurudi kwenye mstari. Kinyozi alikunywa chai yake yote akiwa na mawazo. Alipoaga, alisimama kidogo mlangoni akasema, "Jirani, watoto nitakuwa nawanyoa nusu bei. Nilikuwa nafikiria jambo hilo hata kabla." Jikoni, mke wa fundi alishikwa na kikohozi kisichokuwa na mafua.

*

Usiku mzima mzee alipitia kichwani kurasa zote anazozijua, akitafuta ulio salama. Asubuhi ya pili akachagua ule unaosifu mbingu, jua, mwezi na nyota. Nyota hazina jirani, hazina mkwe. Akatulia kwenye kiti chake kwa amani ya mtu aliyefunga milango yote.

Bibi alisoma mbingu, akasoma jua, akasoma nyota. Kidole kikateleza.

"Ma-ma mkwe," akasoma. "Nyota... hazi-pigi... kelele."

Kitinda aliingiza uso mzima kwenye kikombe. Saa ya ukutani ilisikika ikigonga.

"Mkwe," Bibi akasema, "mama mkwe huyu ni mimi, au unaye mwingine?"

"Sina mwingine, mama."

"Basi ni mimi."

"Mama, nisamehe. Niliandika zamani sana. Nilikuwa—"

"Ngoja kwanza, usinichanganye," Bibi akasema, akirudisha kidole mwanzo wa mstari. Akausoma tena wote, polepole, midomo ikitembea. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo. "Ni kweli," akasema. "Mdomo wangu hauna breki. Umeniona vizuri."

Mke wa mzee alikuwa ametoka jikoni na kijiko mkononi.

"Unajua, mkwe," Bibi akaendelea, bila kinyongo hata chembe, "mimi miaka sitini na nane sikuwahi kupata barua. Wenzangu walipata, wakasomewa, mimi nikasimama pembeni. Sasa nikifungua Kitabu hiki naona kila mstari ni barua yangu. Nashtuka! Nasema, amejuaje? Mtu ambaye hajawahi kupata barua, akiipata hawezi kuwagawia majirani."

Siku ile ile, kabla ya adhuhuri, alikwenda nyumba ya nyuma kwa mwanamke waliyegombania naye kamba ya kuanikia nguo tangu mwaka uliopita. Alirudi baada ya saa mbili akiwa na bakuli la maharage ya kuchemsha na habari kwamba yule mama ni mcheshi kupita wote mtaani, na kamba sasa ni ya pamoja.

"Mnaona?" Mzee Sekunde akasema, kifua kikimjaa kidogo. "Maandiko yanafanya kazi."

"Yanafanya kazi," mkewe akakubali, akimdondoshea dawa jichoni. "Kwa aliyeyasoma."

*

Siku ya tatu Kitinda, ambaye alikuwa amepata hamu ya ibada kuliko wakati wowote wa maisha yake, alikuja mezani na karatasi.

"Baba, jana nilimsaidia Bibi kufunua kurasa. Tumekuta majina mengi. Mama yupo mara arobaini na moja. Mimi thelathini. Bibi kumi na saba. Kinyozi tisa. Mchungaji mwenyewe yupo mara nne."

"Nani kakutuma?"

"Dada yupo hamsini na mbili." Hapo sauti yake ikapungua. "Wewe hupo, baba. Tulitafuta mpaka mwisho."

"Mimi ndiye niliyeshika penseli," mzee akajibu. "Nitajiandikaje?"

Bibi akatikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe mkwe wangu umekuwa mtu wa posta. Barua za mji mzima zinapita mkononi mwako, yako huna hata moja. Wahenga walisema nyani—"

"Mama!" mke wa mzee akaingilia kati.

"Sijamaliza."

"Usimalize."

Hakumaliza, lakini methali ile haihitaji kumaliziwa. Ilikaa nao mezani asubuhi nzima, na mzee aliinywa pamoja na chai.

*

Alhamisi alasiri alikuwa peke yake sebuleni, kichwa kimeegemezwa kwenye mto, aliposikia funguo nyingi zikigongana nje ya mlango wa jikoni. Akaijua sauti kabla haijasema neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Sijakonda, ni hii ovaroli. Mama, nimekuja kukuaga. Wamenipa njia ya mbali. Naondoka Jumamosi alfajiri, na kituo changu kitakuwa huko huko. Miaka miwili."

Kijiko kililia ndani ya sufuria, kikanyamaza. "Miaka miwili?"

"Ni kazi nzuri, mama. Ni lori jipya. Wanawake tuko wawili tu tuliopewa." Funguo zikagongana. "Yeye yuko kibandani?"

"Yuko sebuleni. Hujasikia kuwa amepasuliwa jicho?"

"Nilisikia."

Mzee alikaa wima. Akakohoa, kikohozi cha kumjulisha mtu kwamba nipo. Kule jikoni funguo ziliacha kugongana. Binti alikuwa amesimama, anasubiri aitwe. Baba alikuwa ameketi, anasubiri aamkiwe. Kati yao palikuwa na pazia na mwanamke mmoja mwenye kijiko, akimtazama huyu, akisikiliza kule, roho juu. Ukimya ule ulidumu muda wa kuchemsha yai. Halafu funguo zikaanza kutembea, zikaenda, zikapotea barabarani.

Mkewe aliingia sebuleni akasimama mbele yake. "Alikuwa hatua sita kutoka hapa."

"Mlango ulikuwa wazi."

"Na mdomo wako?"

"Mtoto ndiye humfuata mzazi, Mama Kitinda. Ndivyo ilivyo dunia nzima."

"Nilizaa mara mbili," mkewe akasema. "Wa kwanza ndiye aliyenipa jina. Tangu aondoke umeniita kwa jina la mdogo wake, na mimi nimeitika miezi kumi. Leo nimechoka kuitika." Akarudi jikoni. Jioni ile alimwekea dawa ya jicho bila kusema chochote, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe mzee alitamani apewe hata ugomvi.

*

Ijumaa hakuchagua ukurasa. "Fungua popote, mama," akasema.

Kitabu kikafunguka chenyewe, mahali kilipokuwa kimewahi kukandamizwa kwa nguvu. Bibi akaweka kidole. Ulikuwa ule mstari wa watoto na utii. Mke wa mzee aliutambua kwa maneno matatu ya mwanzo, akaacha alichokuwa akifanya.

"Ki-fu-ngua," Bibi akasoma pembeni. "Kifungua. Kifungua. Mara tatu. Na hapa karatasi imetoboka, penseli ilikandamizwa." Alipapasa tundu lile kwa ncha ya kidole kama mtu anayepapasa kidonda cha mtoto. Kisha, kwa kuwa alifundishwa asiruke, akaendelea na mstari uliofuata.

Mstari uliofuata ulikuwa wa akina baba. Ulikuwa mfupi. Uliwaambia wasiwachokoze watoto wao hata wakawavunja moyo.

Bibi alisimama hapo. Akageuza Kitabu kwenye mwanga, akatazama pembeni, akatazama upande wa pili. "Hapa hapajaandikwa kitu," akasema. "Ni peupe. Mwalimu hakunifundisha kusoma peupe. Huu ni wa nani, mkwe?"

Mzee alikuwa akijaribu kuikumbuka asubuhi ile ya wageni, na kilichomjia hakikuwa uso wa binti yake. Kilikuwa kidole gumba chake mwenyewe. Alikuwa amekishika Kitabu kwa mkono mmoja, gumba limelala juu ya ukurasa, chini kidogo ya mstari aliousoma. Ndipo lilipokuwa. Mstari wa akina baba ulikuwa umefunikwa na gumba, na pengine ulikuwa umefunikwa hivyo hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

"Soma tena," akasema.

Bibi akasoma tena.

"Tena, mama."

Mara ya tatu Bibi hakuligongagonga neno hata moja; yalitoka yote kwa mkupuo, safi. Aibu ilimshika mzee kweli kweli, si aibu ya kuonekana na Kinyozi au na mkwe, bali aibu ya mtu aliyejiona mwenyewe. Alimwona binti akiosha kikombe, na watu wazima watatu wamemkodolea macho, na yeye mmojawapo. Chozi lilimtoka jicho la kushoto. Hata la kulia, lililokatazwa kila kitu, lilijaribu.

"Usilie, utaharibu kazi ya daktari," mkewe akasema, lakini naye alikuwa anajifuta.

"Mama Kifungua," mzee akasema, "yadi ya malori iko wapi?"

Kikombe kilimponyoka mkewe, kikaanguka juu ya mkate, hakikuvunjika.

*

Mkewe alikuwa mpishi wa shule na watoto mia tatu hawasubiri. Kitinda alikuwa na mtihani. Kwa hiyo aliyemshika mzee mkono alikuwa Bibi. Mzee hakuona njia, lakini hakupotea hata hatua moja, kwa sababu Bibi aliisoma barabara nzima kwa sauti.

"'Duka la dawa.' Tumefika duka la dawa. 'Tunashona sare.' Hapa wanashona. 'Usikojoe hapa.' Sogea kidogo, mkwe, inaonekana hawajui kusoma."

Njiani mzee alipanga hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu na mstari wa kuifungua. Akairudia kimoyomoyo mpaka waliposimama mbele ya geti kubwa na harufu ya dizeli ikampiga usoni.

"'Asiye na kazi haruhusiwi kuingia,'" Bibi akasoma.

"Basi tumekwama."

"Wewe unayo kazi," Bibi akasema, akamvuta ndani.

Nyundo ilikuwa ikigonga tairi moja baada ya nyingine, na mgongaji alikuwa akisikiliza kama tairi lina upepo wa kutosha. Mzee alijua sikio lile. Yeye mwenyewe alisikiliza saa hivyo hivyo. Nyundo ikanyamaza.

"Bibi?" Kisha: "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akainua kidevu. "Imeandikwa—" akaanza, akasikia sauti yake mwenyewe, ile ya asubuhi ile. "Hapana. Acha. Hapa kuna watu?"

"Wapo madereva wenzangu. Wanakunywa chai pale."

"Wangapi?"

"Saba. Kwa nini?"

"Siku ile walikuwa wawili. Waite."

"Baba, si lazima."

"Waite, mwanangu. Nakuomba."

Neno lile la mwisho Kifungua hakuwahi kulisikia kutoka kinywa kile. Akawaita. Wakaja wakijifuta mikono, mmoja ana kipande cha mkate mdomoni. Walipomwona mzee mwenye ngao jichoni wakavua kofia bila kuambiwa. Mzee Sekunde alisafisha koo akaanza kusema, na Kifungua akamshika mabega akamgeuza taratibu.

"Huku, baba. Hilo ni tairi."

Hakuna aliyecheka. Au walicheka ndani.

"Mimi ni baba yake dereva huyu," mzee akasema. "Alipoacha kazi niliyomtafutia, nilimwaibisha mbele ya wageni kwa Maandiko. Nilisoma nusu yake, ile ya kwake. Nusu yangu niliifunika kwa kidole. Sikumfundisha kitu siku ile, nilimpiga nayo tu. Nimekosa, na nimekuja kumwomba anisamehe. Nimetaka msikie kwa sababu wageni wawili walisikia lile lingine."

Upepo ulipuliza karatasi chini ya malori. Yule mwenye mkate akameza. "Tumesikia, mzee," akasema. "Na huyu ni dereva hasa. Usingizi hajui, rivasi anaipiga kama anatia uzi kwenye sindano."

"Asante kuniambia," mzee akasema, na alimaanisha.

Madereva wakarudi kwenye chai yao mmoja mmoja. Kifungua alibaki akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Iliniuma, baba," akasema. "Bado inauma."

"Najua."

"Hujui."

Mzee alifungua kinywa, akakifunga. "Sijui," akasema. "Niambie."

"Si leo. Leo nitalia na kesho nina safari. Nikija likizo nitakueleza yote, na wewe utanyamaza mpaka nimalize. Utaweza?"

"Atajifunza," Bibi akadakia. "Mimi nilijifunza kusoma."

Kifungua alicheka, kicheko kilichotoka na kitu kingine ndani yake, akajifuta pua kwa mkono wa ovaroli. Akatazama saa, akatazama jua. "Twendeni niwarudishe nyumbani. Lazima nijaribu breki za hili gari kabla ya kesho, na mama hatoki kazini mpaka saa tisa. Nitamsubiri kwa chai."

"Kwani breki hazijajaribiwa?" mzee akauliza.

"Ndiyo tunakwenda kuzijaribu."

Alikuwa na la kusema kuhusu hilo. Lilikuwa limekaa tayari ulimini, na lilikuwa na mstari wake. Akalimeza. Akanyoosha mikono mbele yake, akatembea mpaka vidole vikagusa chuma kilichopata joto la jua. Bibi alikuwa ameshapanda upande wa pili na kudai dirisha.

Kifungua alisimama nyuma ya baba yake, mkono mmoja mgongoni kwake. "Usijivute, daktari atakugombeza. Mimi nitakusukuma. Kuna ngazi tatu. Mguu wa kushoto kwanza. Juu. Juu kidogo tena."

Mzee ndiye aliyemfundisha binti yule kutembea, kwenye sakafu ya sebule, akirudi kinyumenyume na mikono wazi. Sasa aliinua mguu hewani asijue utatua wapi, akauweka pale alipoambiwa, akasubiri aambiwe wa pili.